Damu ya Tarumbeta

Nafula, binti yangu, mama yangu,

Barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi kuanza hivyo. Mwili umepona, lakini moyo haujatulia tangu Jumatano. Utaona mistari imepanda na kushuka. Nilisoma miaka miwili tu, unajua, lakini leo kosa si la shule.

Barasa, mwenzangu wa kazi hapa shambani Kitale, anarudi kwetu Mabanga kwa baiskeli baada ya ibada. Amesema atanisubiri mpaka saa sita mchana, kwa hiyo nimekaa hapa nje ya nyumba tangu kulipopambazuka. Jioni barua itakuwa mkononi mwako, na kesho asubuhi utapanda basi kuja Kitale kujifunza kazi ya uuguzi. Mambo ya blanketi na sabuni na viatu mama yako amekwisha kukwambia, na nikimjua vizuri amekwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja, na lazima ulijue kabla hujafika kwenye lango la hospitali.

Katika hospitali hiyo kuna mtu anayeitwa Ndiwa. Ni mzee wa kutoka mlima Elgon, mrefu, na kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto hakikunjiki. Anasukuma vitanda na kubeba wagonjwa. Mtu huyo alipoteza kila alichokuwa nacho kwa sababu yangu, katika wiki uliyozaliwa wewe, nami nimenyamaza miaka kumi na saba.

Wakati ule nilikuwa dereva wa maksai kwenye shamba la Mzungu mmoja huku Kitale, na mama yako tulikuwa tunaishi naye kwenye nyumba za wafanyakazi. Trekta hazikuwa nyingi. Plau moja ilivutwa na maksai kumi na sita, wawili wawili, na kila mmoja alikuwa na jina lake na mahali pake. Maksai aliyefunzwa hana haja ya kiboko. Unamwita jina, anaongeza nguvu. Wale wawili wa mbele ndio wenye akili ya kazi. Wakifika mwisho wa shamba wanageuka wenyewe, wanarudi kwenye mtaro bila kukanyaga palipolimwa. Wangu wa mbele walikuwa Posta na Tarumbeta. Tarumbeta alikuwa mwekundu, na jina alipewa kwa ajili ya sauti yake. Asubuhi nikisimama kwenye mlango wa boma na kumwita, anatoka katikati ya wenzake, anakwenda kusimama mahali pake na kuinamisha shingo kabla sijainua nira.

Ndiwa alikuwa mchungaji wa boma hilo. Tulikula pamoja, tulitaniana pamoja. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe kumi na mmoja, ambao Mzungu alimruhusu kuwalisha pale shambani.

Ulipozaliwa, mama yako alitokwa na damu nyingi. Siku ya tatu bado hakuweza kukaa. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe, na nilipomsemesha alichelewa kujibu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Wanawake waliokuwa naye wakaniambia atafutiwe damu ya ng'ombe ichanganywe na maziwa, anywe. Desturi hiyo unaijua kwa kusikia tu. Ng'ombe hauawi. Unamfunga kamba shingoni mpaka mshipa usimame, unamchoma kwa mshale mfupi uliofungwa kijiti usizame ndani, unakinga damu kwenye kibuyu, kisha unalegeza kamba na damu inakatika yenyewe. Sisi Wabukusu tulikuwa tunaijua, lakini watu wa mlimani ndio mafundi. Nikaenda kwa Ndiwa.

"Wangu niliwatoa damu mwezi uliopita," akasema. "Si unaona walivyokonda? Kesho alfajiri twende juu kwa shemeji yangu. Ana madume wawili wanene."

"Kesho ni mbali."

"Kesho ni kesho tu, bwana. Na usije ukamchoma ng'ombe aliyetoka kwenye plau. Huyo moyo wake umechoka. Atakuangukia."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Wewe ni Mbukusu aliyesoma. Ni hatari kuliko mtoto."

Tulicheka. Nakwambia kweli, Nafula, tulicheka wote wawili, na siku hiyohiyo saa sita mchana nikafanya kile alichonikataza.

Mzungu alikuwa amekwenda Kitale mjini. Maksai walikuwa wamefunguliwa nira, wanapumzika kando ya shamba, na wenzangu wamekwenda kula. Nilimchukua Tarumbeta. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini yeye, na jibu linaniumiza. Nilimchukua kwa sababu hakuwa na shaka nami. Mwingine angerusha teke. Tarumbeta nilimwambia asimame, akasimama.

Nilifunga kamba. Mshipa haukuonekana vizuri, nikakaza zaidi. Nikachoma mara mbili kabla ya kupata. Damu ikaja kwa kasi, na kibuyu kikajaa upesi. Ndiwa angeacha hapo. Mimi nikamfikiria mama yako na ile midomo yake, nikasema kama kibuyu kimoja ni dawa, viwili ni dawa zaidi. Nikakinga cha pili, na kamba muda wote huo iko shingoni, imekazwa kwa nguvu zangu zote. Cha pili kilikuwa hakijajaa nilipoona magoti yake ya mbele yanakunjika. Alishuka polepole, akalala, macho wazi, ulimi nje. Nilihangaika na lile fundo mpaka kucha zikavunjika; halikufunguka, ila lililegea kiasi cha kuivua kamba kichwani pake na kuitupa majanini. Nikaziba jeraha kwa udongo. Akalala pale kwa muda wa sufuria ya maji kuchemka, kisha akainuka, akasimama kwa miguu minne iliyotawanyika, nami nikamshukuru Mungu, nikachukua vibuyu nikaenda nyumbani.

Mama yako alikunywa. Akaniuliza, "Ni ya ng'ombe wa nani?"

"Ndiwa ametupa," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Jina lake lilikuwa karibu mdomoni, likatoka.

Alasiri nilirudi kufunga nira. Nikaita, "Tarumbeta." Hakuja. Nikaita tena, karibu zaidi. Aligeuza sikio, lakini si kama anayeitwa, ni kama anayesikia mlango ukigongwa nyumba ya jirani. Nilimvuta kwa kamba mpaka mahali pake, naye akawa anamkwepa Posta kama vile hajawahi kumwona, Posta aliyevuta naye bega kwa bega misimu minne. Tukaanza kulima. Mwisho wa shamba, pale alipozoea kugeuka, aliendelea moja kwa moja mpaka kwenye ua wa waya. Akasimama na uso wake kwenye waya. Hakuhangaika, hakulia. Alisimama tu, miba inamchoma puani, akingoja kitu ambacho sikujua ni nini.

Nimeona ng'ombe wagonjwa, Nafula, na ng'ombe wakaidi, na aliyevunjika mguu. Ng'ombe aliyesahau sikuwahi kumwona. Mwili wote wa Tarumbeta ulikuwepo pale, na Tarumbeta mwenyewe hayumo. Nywele zilinisimama. Nilifikiri nimefungua mlango fulani wa Mungu kwa ule mshale wangu.

Siku ya tatu Mzungu akaleta daktari wa mifugo. Wafanyakazi walikuwa wameanza kunong'ona habari za uchawi. Daktari yule alipapasa shingo ya Tarumbeta, akaonyesha jeraha, na alama ya kamba iliyokuwa imechubua ngozi pande zote mbili, akatueleza kwa Kiswahili chake cha shambani. Maneno yake sikuyasahau.

"Hapana uchawi hapa," akasema. "Ndani ya shingo, huku na huku, iko mahali mwili unapima damu inasukuma namna gani. Kama inasukuma sana, moyo unaambiwa polepole. Kama inasukuma kidogo, moyo unaambiwa haraka. Sasa mtu amebana hapo na kamba. Mwili unafikiri damu inasukuma sana, moyo unalegea. Na damu yenyewe inatoka nje. Kichwa kinakaa bila damu. Kikikaa hivyo sana, kitu alichofundishwa kinapotea."

Akatuuliza kama tumewahi kumwona twiga akinywa maji. Mmoja wetu akasema amemwona.

"Shingo ile yote, anainamisha mpaka chini, halafu anainua juu. Mbona haanguki? Kwa sababu mwili unapima, unapima, unapima. Ng'ombe vilevile. Mtu vilevile."

Mimi nilisimama pale nikiwa nimeshika kamba ya nira. Nilishangaa kwamba ujuzi wote wa mnyama, jina lake, rafiki yake, njia ya kurudi kwenye mtaro, vyote vimewekwa mahali panapotegemea msukumo wa damu kama taa inavyotegemea mafuta. Na nilishangaa zaidi kwamba Mzungu aligeuka akauliza, "Nani?" na ulimi wangu ukawa mzito.

Mama yako ndiye aliyejibu, bila kujua. Alikuwa amepata nguvu za kutoka nje na kukaa juani, na wewe umelala kifuani pake. Ndiwa alipita karibu naye, na nyapara alikuwa nyuma yake hatua tatu.

"Mungu akubariki, baba, kwa ile damu," mama yako akamwambia.

"Damu gani hiyo, mama?" akauliza nyapara.

"Si ile aliyotupa Ndiwa? Bila hiyo nisingekuwa hapa."

Ndiwa akanitazama. Nilikuwa mbali kiasi cha mtu kurusha jiwe, na nilimwona akinitazama, nami nikaanza kukagua ile kamba kana kwamba nimeona imekatika mahali. Hapo ndipo nilipomuuza. Siku zote nilijiambia nilinyang'anywa nafasi ya kusema, mambo yalikwenda upesi. Si kweli. Nafasi ilikuwa ndefu. Ilitosha kuvuka uwanja ule mara kumi.

Nyapara akapeleka habari kwa Mzungu, naye akamuuliza mara moja tu, "Ni wewe?" Ndiwa hakujibu ndiyo wala hapana. Mtu wa mlimani, wachungaji wa mlimani wanajulikana kwa kutoa damu, jeraha lipo, shahidi yupo. Ilitosha. Siku hiyohiyo alitolewa shambani na ng'ombe wake wote, na Mzungu akakataa kutia sahihi kwenye kipande chake. Wewe ni wa siku hizi, pengine hujui uzito wa jambo hilo. Kipande kilikuwa karatasi ya mwajiriwa, anaivaa shingoni ndani ya kikopo. Kisipotiwa sahihi ya kuachiliwa, hakuna shamba jingine litakalokuajiri, na askari akikukuta barabarani una kesi.

Mama yako alilia aliposikia. Aliamini ni wema wake Ndiwa uliomponza. Sikumwambia.

Tarumbeta hakurudi kuwa kiongozi. Baada ya miezi alianza tena kuitikia jina, siku moja ndiyo, siku nyingine hapana. Mwishowe walimuuza mjini.

Utaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza ng'ombe, mama. Baada ya maneno ya yule daktari nilianza kuwatazama. Kulikuwa na maksai mmoja wa nyuma tuliyemwita Mvivu, hilo ndilo lilikuwa jina lake kabisa. Kila siku akifika katikati ya shamba anazubaa, hasikii, nasi tunamchapa. Nikaingiza vidole chini ya mkanda wa nira yake, ule unaopita chini ya koo, nikakuta havipiti. Shingo yake ilikuwa nene kuliko za wenzake, na mkanda ulikuwa umekatwa kwa kipimo kimoja. Akipanda kilima na mzigo, mkanda unambana. Nikauongeza mashimo mawili. Wiki ile ile Mvivu akaanza kuitikia kabla sijamaliza kumwita. Nilimchapa miaka miwili kwa kosa la mkanda. Ukimkuta mgonjwa mkaidi, au anayekujibu upuuzi, au aliyesahau ulichomwambia sasa hivi, pitisha kwanza vidole chini ya mkanda wake. Kila mgonjwa anao, nawe utauona. Lakini hayo walimu wako watakufundisha vizuri kuliko mimi.

Sasa Jumatano.

Nilikuwa na tumbo la kuhara siku mbili, na kama kawaida yangu sikumwambia mtu. Tulikuwa tunafunga magunia ya mahindi juani. Niliinama kufunga mdomo wa gunia, nikainuka upesi. Ninachokumbuka ni kwamba jua lilizimika. Kilichofuata sikikumbuki, nimesimuliwa na dresa wa hospitali, yule anayesafisha na kufunga vidonda, kijana wa mtaa wa Tuwan mwenye utani mwingi. Anasema walinileta kwenye lori, nikafungwa kile kitambaa cha mkononi kinachojazwa hewa, na damu yangu ilikuwa inasukuma kidogo mno. Anasema aliniuliza jina nikalitaja. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikasema sina, mke wangu ni mja mzito.

"Mzee," akaniambia baadaye, "ulitufurahisha. Ati ulikuwa unatupangia zamu za kulima."

Na mtu niliyekuwa nampangia zamu ni mzee aliyenishusha kwenye lori na kunilaza kitandani, akakaa kwenye ubao kando yangu. Nilimtambua mara moja. Kijana anasema nilimshika mkono nikafurahi kama mtoto.

"Ndiwa, umewanywesha maksai?"

"Nimewanywesha."

"Na Tarumbeta?"

"Amekunywa vizuri."

"Mke wangu atajifungua mwezi huu. Akiwa msichana nitampa jina la mama yangu, Nafula."

"Ni jina zuri, Simiyu."

Kwa muda wa saa nne nzima nilikuwa hivyo, wakiniingizia maji kwa mshipa, na Ndiwa akinijibu. Nafula, mchana ule nilikuwa mtu mwema. Nilikuwa bado sijafunga kamba shingoni mwa ng'ombe yeyote. Kisha damu ikapata nguvu zake, na vitu vikaanza kurudi kichwani kimoja kimoja. Wewe ulikuja kwanza, mkubwa kama ulivyo, na sare yako ya shule. Halafu waya wa ua. Halafu nikaona kwamba mkono nilioushika ni wa mzee mwenye mvi, amevaa kaki ya hospitali, na nikajua ni nani na nilimfanyia nini. Niliuachia kama mtu aliyeshika kaa la moto. Sijawahi kushtuka hivyo maishani mwangu, hata ile siku ya Tarumbeta.

Yeye akaona. Akasema, "Umerudi."

Nikauliza, "Ulijua?"

"Siku ileile. Uliacha kamba yako pale majanini, na fundo bado liko. Ni fundo la dereva wa nira. Sisi hatufungi hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungefukuzwa wewe, na mwanamke hana nguvu za safari, na mtoto ana siku tano." Alikuwa anatazama sakafu. "Nilidhani akipata nguvu utakuja kusema mwenyewe. Nilikaa na ng'ombe wangu pale kwenye daraja la mto Nzoia nikikungoja. Nilisema Simiyu atakuja. Siku mbili, Simiyu. Siku ya tatu askari wakanikuta."

Aliniambia ng'ombe walichukuliwa pale darajani, kwa kuwa hakuwa na kipande cha halali, na yeye akafungwa miezi mitatu, na kidole kile kilivunjikia huko. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia. Muuguzi mmoja akamwita aende kusukuma kitanda, akainuka. Alipofika mlangoni akarudi.

"Kwenye karatasi ya wasichana wapya nimesikia likisomwa jina la Nafula wa Simiyu, wa Mabanga. Ndiye yule?"

"Ndiye."

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie. Mimi sitamtafuta kumwambia. Lakini akiniuliza tumejuana wapi na baba yake, sitamdanganya."

Ndiyo maana ya barua hii. Nilitamani uwe karibu nami, na kuanzia kesho utakuwa karibu kuliko ulivyowahi kuwa, na jambo hilo linanitisha. Ningeweza kukuomba usimuulize. Jana mchana kutwa nilikuwa nalitunga ombi hilo kichwani, na lilikuwa linakaa vizuri sana. Nikaliacha nilipokumbuka Tarumbeta. Yeye alisahau kwa sababu damu haikufika kichwani. Mimi kwa miaka kumi na saba damu yangu ilikuwa tele, na nilikumbuka kila kitu, kila siku, mpaka rangi ya kibuyu. Sina pa kujificha.

Yule Mzungu aliuza shamba akarudi kwao, kwa hiyo hakuna tena wa kwenda kumwambia kwamba aliyefanya ni mimi. Aliyebaki ni Ndiwa mwenyewe, na mama yako, na wewe. Msomee mama yako barua hii yote jioni ya leo, usiruke mahali. Yeye alimshukuru mtu kwa moyo safi, na shukrani yake ndiyo niliyoigeuza kuwa ushahidi. Ana haki ya kunikasirikia kabla sijafika nyumbani. Jumamosi nitakwenda hospitalini kumwona Ndiwa. Sijui nitamwambia nini. Usinisaidie kwa hilo, wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Yaliyo yangu nitayabeba.

Na kama baada ya kusoma haya hutaki kuniona kwa muda, niandikie, au nyamaza tu, nitaelewa. Usiache mafunzo kwa ajili yangu. Ulipewa uhai kwa gharama ya watu na wanyama ambao hawakuulizwa, na hilo si kosa lako hata kidogo.

Barasa amekwisha kuja, anapiga kengele ya baiskeli.

Kesho basi litakushusha mbele ya hospitali. Wasichana wapya hupokelewa langoni, na mzee mrefu wa kaki ndiye huwachukulia mizigo mpaka bwenini. Atanyosha mkono kupokea sanduku lako. Msalimie kwa heshima zote, Nafula, na sanduku ulibebe mwenyewe.

Baba yako,
Simiyu